MAFUTA YA MOTERE YANAPOPANDA



Mutu anayepima mafuta ya motere asubuhi na kukuta yamepunguka, anaogopa. Anajua kwamba mafuta yanaenda mahali fulani, na anaanza kutafuta. Lakini mutu anayekuta mafuta yamepanda kupita alama ya juu, bila mutu yeyote kuongeza hata tone moja, mara nyingi anafurahi. Anafikiri motere yake ni nzima. Leo tutazungumuzia furaha hiyo, kwa sababu imeua motere mingi katika makarieri yetu, na siku moja karibu iue watu.

Wakati nilipokuwa fundi katika garaji moja ya karieri, kulikuwa shofere mumoja, muzee wa kazi, mutu wa kuheshimiwa. Kila asubuhi alifungua kapo, alivuta joji, alipanguza, alirudisha, kisha alivuta tena na kusoma. Kazi yake aliifanya vizuri kabisa. Siku moja aliniita akicheka: «Njoo uone, fundi! Motere za wengine zinakula mafuta. Hii yangu inayazaa.» Nikaangalia. Mafuta yalikuwa juu ya alama ya juu, upana wa kidole kimoja. Nikacheka pamoja naye, nikaenda kwa kazi ingine. Nasema wazi: kosa lile lilikuwa langu, si lake. Yeye aliona na akasema. Mimi fundi nilisikia na sikuuliza kitu.

Wiki mbili kisha, kamio ile ilikuwa inapanda barabara inayotoka chini ya karieri, imebeba watu watano na vyuma vya kutobolea majiwe. Motere ikaanza kugonga kama mutu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Haikupita dakika, ikashikana na kusimama. Sasa mujue jambo hili: motere ya mazutu ikisimama, ile pompe inayovuta hewa ili kusaidia freni inasimama nayo. Shofere anabaki na mikanyago michache tu yenye nguvu. Kisha pedale inakuwa ngumu kama jiwe. Volani nayo inakuwa nzito. Kamio ikarudi nyuma, ikapiga tuta la udongo lililo kandokando ya barabara, ikazuilika pale. Mwenzetu mumoja alivunjika muguu. Wengine walitoka na hofu tu. Tuta lile lilijengwa juu ya siku kama ile.

Tulipofungua motere, kusine za vilbrekeni zilikuwa zimekwisha, zimebakia chuma kwa chuma. Na yale mafuta «yaliyozaliwa» yalikuwa mepesi kama maji ya kunawia. Yalinuka mazutu.

KAMIO HII IMEBADILISHWA NINI?

Hilo ndilo ulizo la kwanza, mbele ya kushika ufunguo wowote. Kamio yetu ilikuwa Toyota Land Cruiser ya bene, yenye motere 1HZ. Ni motere ya silinda 6 na litre 4.2, ambayo Toyota walianza kuitia katika magari yao mwaka 1990, na munaijua wote, sababu inapita mbele ya nyumba zenu kila siku, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ilitengenezwa bila turbo. Ni motere ya uvumilivu, si ya mbio. Lakini Kolwezi iko karibu metre 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inakosa pumuzi ikipanda na muzigo. Basi watu wanaipeleka garaji ya muji, wanaitia turbo, wanazungusha bizi ya pompe ya enjeksio ili mazutu yaingie mingi zaidi, wanaongeza malame katika resore za nyuma ili ibebe kupita kipimo chake. Inatoka pale na nguvu mupya, na kila mutu anasifu.

Sisemi kwamba turbo ni mubaya. Nasema kwamba motere hiyo haikuandaliwa juu yake. Ndugu yake, motere 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, iko na vitundu vidogo vinavyorusha mafuta chini ya pistoni ili kuipoza. 1HZ haina vitundu hivyo. Ukiiongezea moto, pistoni inashika moto, na mafuta yanateseka. Kwa hiyo kitabu cha kiwanda hakitoshi tena peke yake: saa za kufanya vidanji zilizoandikwa mule ni za motere bila turbo.

Katika kamio yetu tulikuta mambo matatu yaliyofanywa na mikono ya watu. Bizi ya pompe ilizungushwa kupita kiasi. Enjektere mbili zilikuwa zinatonesha mazutu mahali pa kuyapuliza kama ukungu. Na la tatu ndilo lililoniumiza roho: ili kupata mafuta ya kulisha turbo, yule aliyeitia alitoboa njia mahali pa kile kifaa kinachowasha taa nyekundu ya presio. Aliporudisha, waya haukufungwa tena. Taa nyekundu ilikuwa imekufa tangu siku ile. Shofere alikuwa anaendesha akitazama tablo iliyo safi, na tablo ilikuwa inamudanganya.

Jaribu hili kesho asubuhi. Geuza ufunguo bila kuwasha motere. Taa nyekundu yenye alama ya kibuyu cha mafuta inapaswa kuwaka. Ukiwasha motere, inapaswa kuzimika. Taa isiyowaka hata kidogo si habari njema. Kamio hiyo isitoke.

MAFUTA HAYAZALIWI

Kama mafuta yamepanda na hakuna aliyeongeza, kitu kingine kimeingia ndani. Kinaweza kuwa mazutu, maji ya radiatere, ao mafuta ya hidroliki. Kama si hivyo, kuna mutu aliyeongeza na hakusema, ao joji yenyewe inasema uongo. Namna ya kutenganisha haya haiombi mashini kubwa. Inaomba pua, vidole, kipande cha kartasi na uvumilivu.

Lakini kwanza pima vizuri. Simamisha kamio mahali palipo sawa, zima motere, ungoja dakika 5 mpaka 10 ili mafuta yashuke. Hapa kamio zilizobadilishwa zinadanganya watu. Ile iliyoongezewa malame nyuma, ikiwa tupu, mukia unakaa juu na pua inakaa chini. Mafuta ndani ya karteri yanakimbilia mbele, na joji inasoma kingine. Ukiipima leo ikiwa tupu na kesho ikiwa na muzigo, utaona mafuta «yanapanda» na «kushuka» bila sababu. Pima kila siku mahali palepale, na muzigo ulele.

Na kama motere ilitolewa katika gari ingine, uliza joji ilitoka wapi. Nimeona motere iliyo na karteri ya gari moja na joji ya ingine. Kila vidanji mafundi walikuwa wanaijaza mpaka alama, na kila mara ilikuwa na mafuta mingi kupita. Dawa yake ni nyepesi: mwaga mafuta yote, badilisha filtre, mimina kiasi ambacho kitabu cha motere ile kinasema, washa kidogo, zima, ungoja, kisha kata alama mupya juu ya joji kwa lime.

Sasa tuje kwa mazutu. Chukua mafuta kidogo juu ya joji, nusa. Kisha yasugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukiwa umevaa gan nyembamba. Mafuta mazuri, hata yakiwa meusi, yanakawia kati ya vidole na yanavutika kama uzi mufupi. Yale yaliyochanganyika na mazutu yanakimbia. Tena, usishangae rangi nyeusi: katika motere ya mazutu mafuta yanakuwa meusi kisha siku chache tu, sababu yanasafisha masizi. Shofere anayemwaga mafuta kwa sababu ya weusi peke yake anatupa pesa.

Kisha weka tone moja juu ya kartasi nyeupe inayonyonya, kama ile ya filtre ya kahawa, uilaze mahali pasipo upepo, uirudie kisha saa chache. Katikati patakuwa na doa leusi la masizi. Likisambaa polepole na kupauka kuelekea inje, mafuta yangali yanabeba uchafu vizuri. Masizi yakibaki yamekusanyika katikati, meusi sana, na ukingo wake umekatika kama umechorwa na kalamu, mafuta yamechoka. Na ukiona inje ya yote duara pana, jepesi, lenye kung'aa kama limelowana, fikiri mazutu. Fanya tone lingine la mafuta mupya kando yake, ili jicho lipate kulinganisha. Bila hilo la pili, kila mutu anaona anachotaka.

Mazutu kiasi gani ni mubaya? Chukua karteri ya litre 10. Nusu litre ya mazutu ndani yake ni tayari 5 kwa mia, na kufika hapo hakuna fundi mwenye akili atakayekuruhusu kuendelea. Nusu litre! Ni chupa ndogo ya maji. Mafuta yanakuwa mepesi, hayawezi tena kushika chuma mbali na chuma, na presio inaanguka, zaidi sana motere ikiwa na moto na inazunguka polepole. Kuna hatari ingine watu hawaiwazi. Mafuta ya motere yaliyo safi hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapite digri 200. Mazutu yanaweza kuutoa kuanzia kadiri ya digri 55, na mafuta ndani ya karteri yanatumika kwa digri 90 na zaidi. Kwa hiyo ukikuta mafuta yamepanda na yananuka mazutu, usiyamwage yakiwa moto sana, wala karibu na mutu anayesouder, wala na sigara mudomoni.

Yanaingia kwa njia gani? Enjektere inayotonesha, bizi iliyozungushwa mno, ao motere inayoachwa ikizunguka bure muda mrefu asubuhi ya baridi huku watu wanazungumuza: haipati moto wa kutosha, mazutu hayaungui yote, yanateremuka kando ya pistoni. Katika kamio kubwa ambazo pompe ya enjeksio inafungwa juu ya meno ya motere na kulainishwa na mafuta ya motere yenyewe, pompe ikichoka inaweza kumwaga mazutu moja kwa moja ndani ya karteri. Huko hata enjektere zikiwa mupya, mafuta yataendelea kupanda.

Maji ni jambo lingine. Mafuta yanageuka rangi ya kahawa na maziwa, yanakuwa mazito kama mayonezi. Lakini hapa tena nina neno kwa wanaokimbia mbio. Ukifungua kifuniko cha juu asubuhi ya Juni, wakati baridi inakata masikio, na ukikuta povu kidogo nyeupe chini ya kifuniko tu, na joji ni safi, pengine ni jasho la motere inayofanya safari fupi. Ifanyishe safari ndefu, itakauka. Lakini povu ikiwa juu ya joji yenyewe, na maji ya radiatere yanapunguka, usiwashe tena. Ukitaka hakika, pasha kipande cha chuma moto, tonesha juu yake tone moja la mafuta, ukisimama mbali na kuvaa miwani ya kazi. Yakiwa na maji, yatalia na kuruka kama mafuta ya mawese yakipata kisamvu kibichi. Yakiwa safi, yatatoa moshi tu. Maji hayo yanaweza kupita kwa jwenti ya kilasi, kwa kilasi iliyopasuka, ao kwa radiatere ndogo ya kupozea mafuta. Katika 1HZ iliyotiwa turbo na kuongezewa mazutu, tafuta kilasi iliyopasuka mbele ya kuhukumu kitu kingine. Na wala usifungue kifuniko cha radiatere ikiwa na moto. Mafundi wangapi tunawajua walio na alama za kuungua usoni?

Hidroliki nitaipita haraka. Kama kamio imeongezewa gri ndogo ao bene ya kuinuka, na pompe yake imefungwa juu ya meno ya motere, jwenti ya shimo lake ikiisha, mafuta ya hidroliki yanaingia ndani ya motere. Hayanuki mazutu, hayageuki mayonezi. Ni bidoni ya hidroliki ndiyo inapunguka. Angalia pande zote mbili kwa siku ileile, utajua.

Na mukono wa mutu? Hutokea zaidi mahali ambapo mashofere wawili wanapokezana kamio moja, wa muchana na wa usiku. Kila mumoja anaongeza «kidogo tu», hakuna anayeandika. Vilbrekeni inapiga mafuta yaliyozidi kama mama anayepiga mayai, yanakuwa povu, na povu haishiki chuma.

MOSHI WA BLUU: USIHUKUMU TURBO UPESI

Mbele ya ile aksida, kamio yetu ilikuwa inatoa moshi wa bluu. Garaji iliyoitia turbo ilisema: turbo imekufa. Wakatia ingine, na mwenyewe akalipa. Moshi ukabaki vilevile.

Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mafuta ndiyo yanabeba shimo lake. Yanaingia kwa nguvu kupitia mupira mwembamba, lakini yanarudi karteri kwa uzito wake tu, kama maji ya paa. Kwa hiyo mupira wa kurudisha lazima uwe munene, uteremuke bila kupindika, na uingie karteri juu ya usawa wa mafuta. Ukiwa umeminywa, ao mdomo wake umezama ndani ya mafuta yaliyopanda, mafuta yanakosa njia, yanapita kwa segema za turbo, yanaingia katika hewa ya motere. Moshi wa bluu. Turbo ni nzima. Njia yake ndiyo imefungwa.

Kuna sababu ya pili. Segema za pistoni zikiisha, moto wa silinda unapita chini, unajaza karteri na presio, na presio hiyo nayo inazuia mafuta ya turbo kurudi. Fungua kifuniko cha kujazia mafuta, motere ikizunguka polepole, na uweke kifuniko hicho kimegeuzwa juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo, ni kawaida. Kikirukaruka ao kutupwa, na mupira wa kupumulia wa karteri unatoa moshi kama bomba la treni, kwanza angalia kama mupira huo haukufungwa na uchafu. Ukiwa wazi, pima kompresio ya silinda mbele ya kununua turbo.

Mambo mawili zaidi juu ya turbo, kwa mashofere. Usipige akselere motere ikiwa baridi. Na ukifika kutoka safari ndefu ya muzigo, iache izunguke polepole dakika 2 ao 3 mbele ya kuzima. Ukiizima gafula, mafuta yaliyobaki ndani ya turbo yenye moto yanaungua na kuwa makaa.

MOTERE INAYOKATAA KUZIMIKA

Hili ni la kuwaonyesha wote, hata wanaopanda nyuma tu. Motere ya mazutu inaweza kuwaka na mafuta yake yenyewe. Mafuta yaliyopanda kupita kiasi yanasukumwa kupitia mupira wa kupumulia, ao kupitia turbo iliyovunjika, yanaingia katika hewa, na motere inayala kama mazutu. Inapanda mbio yenyewe, inalia, moshi mweupe na wa bluu unafunika kila kitu. Unageuza ufunguo, hakuna kitu. Unakata mazutu, hakuna kitu. Inaendelea mpaka mafuta yaishe ao mpaka ivunjike, na vipande vyake vinaweza kutoboa bloku na kuruka.

Shofere aliye ndani, kamio ikiwa na vitesi vya mukono: kanyaga freni kwa nguvu zako zote, tia vitesi vya juu kabisa, achia ambreyaji mara moja. Motere italazimika kufa. Kama haikufa, toka na ukimbie upande, si mbele ya motere. Wengine wote wajitenge mbali. Fundi aliyefundishwa anaweza kuziba njia ya hewa kwa ubao mupana ulio ngumu, ao kupuliza kizima-moto cha gazi CO2 katika njia hiyo. Usizibe kwa mukono. Usizibe kwa kitambaa ao salopeti. Motere inakimeza na kuendelea.

MAVUMBI YETU

Nitasema kidogo juu ya mavumbi, ijapo yangefaa ukurasa wao wenyewe. Kila turbo iliyoongezwa imeleta mipira mupya ya hewa na makolie mupya. Kolie moja isiyokazwa vizuri kati ya filtre ya hewa na turbo, kutoka Mei mpaka Septemba, inatosha kula motere. Pitisha kidole ndani ya mupira, kisha filtre: ukikuta mavumbi, usitafute mbali.

Kampuni zinazopeleka mafuta ya motere kwa laboratware zinapata majibu yenye kusema: silisiumu ikipanda ni mavumbi, chuma ni silinda zinazokwisha, shaba ni kusine ao radiatere ya mafuta, sodiumu ni maji ya radiatere. Lakini kwetu mavumbi ya karieri yenyewe yanaweza kuwa na shaba. Kama shaba na silisiumu vimepanda pamoja, kaza makolie mbele ya kufungua motere.

MPAKA NYUMBANI

Sasa neno kwa mama wa nyumba. Mafuta yaliyomwagwa na garaji yanafika nyumbani kwa njia mingi: katika salopeti, katika bidoni, juu ya mikono ya bwana. Majaribio juu ya panya yameonyesha kwamba mafuta ya motere yaliyotumika yanaweza kuleta kansa ya ngozi yakipakwa mara kwa mara. Kwa hiyo hayafai kupakwa kidonda, wala upele wa mutoto, wala mubwa mwenye ukoma wa ngozi, hata kama majirani wanasema yanaponyesha. Hayafai kuwashia makala ya kupikia. Salopeti ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Na wewe bwana, usiweke kitambaa chenye mafuta katika mufuko wa suruali. Kinakaa siku nzima juu ya ngozi iliyo nyembamba kabisa. Nawa kwa sabuni, usinawe kwa mazutu wala esansi.

Bidoni iliyobeba mafuta ya motere haibebi tena maji ya kunywa wala mafuta ya mawese, hata ukiisugua na muchanga mara kumi. Itoboe, ao uirudishe garaji pamoja na mafuta yaliyotumika, mahali pipa lake lipo. Na usimwage kitu hicho nyuma ya nyumba: visima vyetu si virefu. Mutoto akinywa mazutu ao mafuta, usimulazimishe kutapika, sababu yanaweza kuingia katika mapafu. Mupeleke hospitali mara moja, na uchukue ile bidoni mukononi ili munganga aone ni nini.